Mafunzo ya walezi wa watoto wenye usonji: nimeyapima kwa maisha ya ndugu yangu mtu mzima

Nayapa nyota nne kati ya tano, na hiyo ya tano nitaeleza kwa nini nimeizuia. Ninayoyasema ni Mafunzo ya Stadi za Walezi yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa familia zenye mtoto wa miaka 2 hadi 9 ambaye ukuaji wake umechelewa au una ulemavu, usonji (kwa Kiingereza autism) ukiwamo. Ni vikao 9 vya kikundi, na juu yake mwezeshaji anakuja nyumbani kwako mara 3. Sikulipa hata shilingi. Wala hawakudai karatasi ya daktari inayosema mtoto ana nini. Ukiona mtoto haitiki akiitwa, hasemi kama wenziwe, au michezo yake yote ni ya peke yake, unapokelewa.

Mimi ni fundi cherehani, naishi upande wa Malindi. Mwanangu wa pili ana miaka mitano na ana usonji. Nyumba hiyo hiyo naishi na ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu, ambaye ameshapita thelathini. Naye ana usonji, ingawa alipokuwa mdogo hakuna aliyetuambia hivyo. Jina la hali yake tulilipata akiwa na ndevu. Kwa sababu yake siwezi kuitazama huduma ya mtoto wa miaka mitano bila kuuliza itamfikisha wapi. Wazazi wenzangu kwenye kikundi walikuja na swali moja lililowakaa kooni: atasema lini? Ni swali la haki, na mimi ninalo. Lakini kwangu lina mwenzake: akifika umri wa mjomba wake, ataweza kuoga bila kuambiwa, kununua mkate na kurudi na chenji, na kuwa na mtu anayefurahi akimwona anakuja?

Swali hilo lina watu waliolibeba miaka mingi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Catherine Lord, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuwafuatilia watoto zaidi ya 200 wa North Carolina na Chicago waliopelekwa kliniki wakiwa na miaka 2 hivi, wengi wao kwa kushukiwa kuwa na usonji. Wakapimwa tena wakiwa na 3, wakiwa na 9, wakabalehe huku bado wanafuatiliwa, wakafika 19, wakavuka 20 na ushei. Nimesoma nilichoweza kuhusu kazi hiyo kwenye simu, usiku nikishafunga duka, binti wa jirani anayesomea uuguzi akinifafanulia pale Kiingereza cha kitaalamu kilipokuwa kizito. Nimeutumia utafiti huo kama futi ya kupimia mafunzo haya, maana kuisifu huduma ya watoto ni rahisi siku ya cheti na soda. Kuijua thamani yake kunataka mtu aliyengoja watoto wakakua.

Jambo la kwanza nililolipata humo liliwagusa wengi kikundini. Mwaka 2006 Lord na wenzake walichapisha walichokiona kati ya umri wa miaka 2 na 9: mtoto aliyeonekana na mtaalamu mzoefu kuwa na usonji akiwa na miaka 2, mara nyingi sana alikuwa nao bado akiwa na 9. Huku kwetu kila mtu ana mfano wa mtoto wa kiume aliyechelewa kusema kisha akawa msemaji wa mtaa, na mama akipeleka wasiwasi wake kwa wakubwa anaambiwa asubiri, mtoto ataacha mwenyewe. Wako watoto wanaochelewa kusema tu na baadaye wakawa sawa, hilo ni kweli. Lakini mtoto mwenye dalili za usonji asisubirishwe. Mafunzo haya yanakupa kazi ya kufanya leo jioni, hata kama miadi ya mtaalamu iko mbali.

Kikundi chetu kilikutana kwenye ukumbi nyuma ya zahanati, asubuhi. Mabati hayakuwa na dari, na ikifika saa tano joto lilikuwa la kuokea mkate, kwa hivyo mjue kubeba maji. Mwezeshaji wetu si daktari. Ni mhudumu wa afya ya jamii, na msaidizi wake ni mama aliyemlea mtoto mwenye usonji mpaka akawa kijana. WHO ndivyo walivyokusudia tangu mwanzo: mafunzo yaweze kuendeshwa na wauguzi, walimu, wahudumu wa jamii na wazazi wenyewe, kwa sababu nchi nyingi hazina mabingwa wa kutosha. Yamejaribiwa katika nchi zaidi ya 30, na hapa Kenya watafiti wamefanya kazi ya kuyapima Kilifi na Nairobi, pamoja na wenzao wa Ethiopia. Mmoja wa wanaoongoza kazi hiyo ni Profesa Amina Abubakar wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, mtu ambaye miaka mingi ya utafiti wake imepita hapa hapa Kilifi. Kwangu hilo lina uzito. Tumezoea kuletewa mambo yaliyopimwa kwa wengine.

Kila mtu alikuja na safari yake ya kutafuta dawa. Walikuwapo walionywesha kombe, waliofunga hirizi, waliopeleka mtoto kuombewa usiku kucha, waliouza mbuzi kumlipa mganga. Sikushangaa. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha utafiti waliowauliza wazazi na wataalamu wa pwani yetu usonji unatokana na nini, na majibu yalikuwa majini, uchawi na laana, pamoja na matatizo ya kujifungua, maradhi, lishe duni na mambo ya kurithi. Mwezeshaji hakumdhihaki mtu. Aliwaachia watu dua zao, akasema waziwazi kwamba usonji hauletwi na malezi mabaya wala na jicho la mtu, akaendelea na kazi. Mama mmoja alilia pale, kwa sababu kwa ukweni alishahukumiwa kuwa yeye ndiye chanzo. Hakuna aliyemharakisha. Kila kikao kina dakika za kumtunza mlezi mwenyewe, mnakaa, mnavuta pumzi polepole, mnasemezana. Nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza niliiona ni ya ziada. Kumbe kuna wanawake ambao dakika zile ndizo pekee katika juma zima walizokaa bila kuitwa.

Sasa mafunzo yenyewe. Mwanangu anapenda gurudumu la cherehani. Akiachiwa atakaa chini ya meza asubuhi nzima analitazama likizunguka, na ukimwita hageuki. Watu wote walikuwa wakinishauri nimtoe pale. Mwezeshaji alisema kinyume chake: mfuate alipo. Kaa nyuso zenu ziwe usawa mmoja, tazama anachokitazama, fanya kidogo anachokifanya, sema maneno machache, kisha nyamaza umpe nafasi. Nikakaa sakafuni, mkono mmoja kwenye kanyagio. Nikaendesha, nikasimamisha, nikangoja. Kungoja ndiko kulikonishinda mwanzoni, maana sisi watu wazima tunajaza kimya upesi sana. Akatazama gurudumu, akatazama kanyagio, kisha akausukuma mkono wangu. Nikasema “endesha”, nikaendesha. Tukarudia hivyo siku baada ya siku, dakika chache tu kila mara. Mkono ukafuatiwa na macho: anasukuma, ananitazama usoni. Na kabla kikundi hakijafika mwisho, ikawa anasimama mbele ya cherehani na kusema “esha”.

Neno moja. Lakini mimi nililisubiri tangu alipokuwa na miaka miwili, na lilitoka kwenye kitu alichokipenda mwenyewe, bila kupigiwa kelele ya “sema! sema!”. Hii ndiyo sehemu bora ya mafunzo, na ndiyo iliyojaza vikao vya mwanzo: kucheza pamoja, kuzigeuza kazi za nyumbani kuwa mchezo wenye hatua na zamu, kuitambua ishara ya mtoto kuwa ni mazungumzo. Hawakututuma kununua vitu vya kuchezea. Tulitumia vifuniko vya chupa, vijiko, mchele wa kupepeta, leso ya kujifichia. Baba mmoja, dereva wa bodaboda na mwanamume pekee kati yetu, alicheza na binti yake kwa kumwagia maji tairi ya pikipiki. Tulimwangalia alivyosimulia, kila mtu akatabasamu.

Kuhusu vurugu na vilio nitasema kwa ufupi, kwa sababu mbinu zake ni za kawaida ukishazisikia: angalia kinachotangulia, mwandae mtoto kabla ya badiliko, mfundishe njia nyingine ya kuomba kile anachokitaka kwa kelele. Kwetu tatizo lilikuwa kufunga duka magharibi. Alikuwa akijitupa chini kila jioni. Sasa kabla ya kufunga namwonyesha mfuko wa nyuzi, namwambia “bado kidogo”, kisha anaubeba yeye mpaka nyumbani. Siku nyingine bado anajitupa. Zimepungua.

Ninakotaka kukaa zaidi ni kikao cha stadi mpya, kile cha kuigawa kazi kwa hatua ndogo na kupunguza msaada kidogo kidogo. Tulichagua kila mtu kazi moja ya nyumbani. Mimi nikachagua kuoga. Mwezeshaji akaniambia niitaje hatua kwa hatua, nikataja tatu: maji, sabuni, maji. Akacheka, akaniambia nikaoge mwenyewe nihesabu. Niliporudi nilikuwa na orodha ndefu: kuvua nguo, kuitundika, kushika kata, kuizamisha kwenye ndoo, kuiinua bila kumwaga, kumimina begani, na kuendelea. Kila moja ni kazi kwa mtoto ambaye mikono yake haimtii haraka. Unaanza kwa kumshika mkono, baadaye unamgusa kiwiko tu, baadaye unaonyesha kwa kidole, baadaye neno, baadaye unasimama mlangoni na kufunga mdomo wako.

Mama mkwe hakupendezwa. Kwetu mtoto wa miaka mitano huogeshwa, na mtoto mwenye shida huogeshwa kwa huruma maradufu. Kumwacha apapase kata peke yake aliona ni ukatili. Kwa bahati ilikuwa siku ya ziara ya nyumbani. Mwezeshaji alimwamkia, akakaa naye ukumbini, akamwomba amfundishe jinsi alivyowafundisha wanawe kukuna nazi. Bibi akaeleza: kwanza nilimpa mbuzi akae tu, halafu kifuu kilichokwisha kukunwa, halafu kizima. Mwezeshaji akasema, ndicho hiki tunachofanya na mjukuu wako. Tangu siku hiyo mama mkwe ndiye anayesimama mlangoni asubuhi, na ana subira kunishinda. Ziara zile 3 ndizo zinazofanya mafunzo haya yawe tofauti na semina, kwa sababu mambo ya nyumbani hayaamuliwi na mama mmoja aliyehudhuria kikao. Yana wenyewe.

Na kwa nini kuoga? Hapa narudi kwa Lord. Mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha utafiti juu ya stadi za maisha ya kila siku, yaani kuvaa, kujisafisha, kula, kazi za nyumbani, kushika pesa, kwa watu waliofuatiliwa kutoka miaka 2 hadi 21. Waliona makundi mawili. Moja lilisonga sana katika miaka hiyo, jingine likasonga kidogo mno, na umbali kati yao ukazidi kadiri miaka ilivyokwenda. Watoto ambao wazazi wao walikuwa wamefanya nao mafunzo nyumbani kwa zaidi ya saa 20 kabla hawajatimiza miaka 3 walielekea zaidi kuwa kwenye kundi lililosonga. Utafiti wa namna hii hauwezi kuapa kwamba hili ndilo lililozaa lile. Wazazi wenye muda wa kufanya mazoezi huenda wana mengine mengi pia. Lakini nilipoisoma habari hiyo nilimtazama ndugu yangu.

Ndugu yangu hakupata kikao hata kimoja. Alipata mama. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mpika mahamri, na hakuwa na mahali pa kumwacha. Alimweka jikoni. Alimfundisha kuhesabu mahamri ya kila mteja, kuosha sufuria, kuchota maji bombani kwa njia ile ile kila siku, kujifunga kikoi, kutia chai majani ya kiasi. Hakumsemesha mengi, alimwonyesha, akamshika mkono, akamwachia. Alifanya hivyo miaka. Leo ndugu yangu anaamka kabla yetu, anaoga, anakoka jiko, anapika chai ya nyumba nzima. Dukani ananipangia vifungo kwa rangi na ukubwa, ananipa uzi unaolingana na kitambaa bila kukosea, anakunja nguo zilizokwisha kwa mikunjo ambayo wateja wanaiulizia. Maneno yake ni machache na mengi ni yale yale. Kelele za sherehe zinamtesa. Hawezi kupanda matatu kwenda mahali asipopajua.

Mwaka 2020 Lord na wenzake waliandika kuhusu watu 123 wenye usonji waliokuwa wamefika miaka ishirini na kitu, na waliwatazama kwa mambo matatu: kama mtu ana kazi, kama anaishi kwa kujitegemea, kama ana angalau rafiki wa kweli. Wakauliza na habari ya furaha. Ndugu yangu nikimweka hapo, kazi anayo, ingawa mwajiri ni dada yake. Kujitegemea hajitegemei, na huku kwetu hata kijana asiye na ulemavu haoni aibu kuishi na jamaa, basi hilo nalipima kwa mkono mwepesi. Rafiki anaye. Ni mzee muuza kahawa wa barazani, ambaye kila siku baada ya alasiri huweka bao chini na kumngojea. Wanacheza bila kusema. Mzee alipolazwa, ndugu yangu alikwenda kukaa barazani kila alasiri mpaka aliporudi. Natamani watafiti wangeliona baraza lile.

Kuna mtu mwingine ambaye maisha yake yanafuatana na haya. Daktari Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, ndiye aliyeandika mwaka 1943 makala iliyoutambulisha usonji, kuhusu watoto 11, na wa kwanza wao, ndiye ninayemsema, alikuwa mvulana wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, Donald Triplett. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi waliambiwa wamtoe nyumbani, akawekwa kwenye taasisi, na huko akazidi kujifungia, wakamrudisha. Baadaye wakampeleka akae na mtu na mkewe waliokuwa wakulima. Kijana alikuwa amezama katika vipimo. Wakampa kazi ya kupima kina cha kisima. Alipenda kuhesabu, wakamwacha ahesabu mistari ya mahindi huku anaendesha plau na farasi wake. Kanner mwenyewe alikwenda kuwatembelea, akastaajabia werevu wao. Mwaka 1971, miaka 28 tangu ile makala ya kwanza, Kanner alirudi kuwatafuta wale 11. Waliotiwa kwenye hospitali kubwa za serikali za zama zile walikuwa wamefifia. Donald alikuwa karani wa benki mjini kwao. Alijifunza gari, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Ni kweli familia yake ilikuwa na hisa katika benki ile, na sisi wengi hatuna benki. Lakini wale wakulima hawakuwa na benki. Walikuwa na kisima, mahindi na farasi, wakamwona kijana anachokipenda, wakakigeuza kuwa kazi. Nilipolisoma hilo nililifikiria gurudumu la cherehani langu na mahamri ya mama, nikaona kwamba kikao kile cha kwanza, “mfuate alipo”, si mchezo wa watoto wadogo tu. Ni njia ndefu inayofika mpaka utu uzima, kama kuna watu wa kuishika.

Msije mkadhani nauza muujiza. Katika utafiti uliochapishwa 2014 juu ya vijana 85 wa kundi lile lile la Lord walipofika miaka 19, wanane hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa usonji. Wanane. Walielekea zaidi kuwa wamepata mafunzo mapema kabla ya miaka 3, na tabia zao za kurudiarudia zilikuwa zimepungua kati ya 2 na 3. Ni habari njema kwao, lakini mzazi asiahidiwe hilo na mtu yeyote. Nimewahi kuona tangazo la kituo fulani, sitakitaja, likiahidi kumwondolea mtoto usonji kwa malipo ya kila mwezi yanayozidi kodi ya duka langu. Mafunzo haya ya WHO hayakuahidi kitu cha aina hiyo kikao hata kimoja. Yalisema: mtoto wako atajifunza, kwa mwendo wake, na wewe utajua la kufanya. Nyota moja kati ya nne nimeitoa kwa ukweli huo peke yake.

Sasa nyota niliyoizuia. Mafunzo yanaishia miaka 9. Yalitungwa hivyo, na sina lawama kwa waliotunga. Mtu huanza pahali. Lakini nilikaa kwenye kikundi na bibi mmoja anayemlea mjukuu wa miaka 12, aliyekubaliwa asikilize tu, na kila kikao mifano ilimpita. Yeye alikuwa na maswali ya balehe: msichana, hedhi, wanaume wa mtaani, mlango wa choo usiofungwa. Ndugu yangu naye ana maswali yake, hata kama hayasemi: dada akifa nani atajua kwamba hawezi kula samaki mwenye miiba bila kusaidiwa? Uingereza, Patricia Howlin, Michael Rutter na wenzao walichapisha mwaka 2004 hali za watu wazima 68 waliokuwa wameonwa utotoni, wote wakiwa si wenye uwezo mdogo sana wa akili. Wastani wa umri ulikuwa miaka 29. Asilimia 22 tu walihesabiwa kuwa na hali nzuri au nzuri sana. Asilimia 58 walikuwa na hali duni au duni sana. Na hiyo ni nchi yenye huduma ambazo sisi hatujaziota. Mtoto anayeaga mafunzo haya akiwa na miaka 9 ana miaka mingine hamsini, sitini mbele yake, na hiyo ndiyo sehemu ambayo familia zinaachwa zikijipapasia.

Ningetaka sehemu ya pili, yenye vikao na ziara zake: mwili unaobadilika na mipaka yake, pesa mkononi, simu, kuvuka barabara, kufundishwa kazi na fundi wa kweli, na jinsi ya kumpata mtu mmoja nje ya familia atakayekuwa rafiki. Hilo la mwisho ndilo gumu na ndilo ningelianza nalo. Na vijana wenyewe waketi kikundini, wasizungumzwe tu na walezi wao.

Mengine ni madogo. Kikundi chetu kilikuwa asubuhi, na saa hizo wanaume wengi wako baharini, stejini au sokoni. Kikifanywa baada ya alasiri watakuja zaidi ya mmoja. Michoro ya vijitabu tuliyopewa ilikuwa imechapwa hafifu. Hakukuwa na mtu wa kuwashika watoto wakati mama zao wanasikiliza, mpaka tulipojipanga wenyewe kwa zamu.

Kwa anayetaka kujiunga: uliza mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au kliniki ya watoto ya hospitali ya kaunti, kama kuna kikundi kinachoanza. Usikose vikao vya katikati, kwa sababu kila kimoja kinasimama juu ya kilichotangulia na mazoezi ya nyumbani ndiyo somo lenyewe. Siku ya ziara ya nyumbani hakikisha yupo yule mtu wa nyumba ambaye neno lake ndilo linalofuatwa, awe bibi, baba au shangazi. Ukiwa na mtoto wa kuingia shule, mafunzo haya hayachukui nafasi ya tathmini ya EARC, kituo cha kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Fanya yote mawili. Na ukiwa na mtoto aliyepita miaka 9, nenda angalau kwa kikao cha hatua ndogo, kinafaa umri wowote.

Kikundi kijacho nimeomba niwe msaidizi wa mwezeshaji, na wamenikubalia nianze kufundishwa. Nimeomba jambo moja zaidi, kwamba siku ya kikao cha stadi za nyumbani ndugu yangu aje apike chai ya watu wote, ikiwa mwenyewe atataka. Nilipomuuliza aliniuliza vikombe vingapi.